Zabibu Inapoelea: Maoni juu ya Kufundisha Utengenezaji wa Sima ya Kifini

Wakufunzi wa masomo ya kazi wanajua vyema kwamba kumwonyesha mwanafunzi jinsi kitu kinavyotengenezwa ni jambo moja, na kumfundisha kitu hicho ni jambo jingine. Hata hivyo, katika maandalio ya masomo tunayokaguliwa nayo, mambo haya mawili aghalabu huandikwa kana kwamba ni kitu kimoja: vifaa, vipimo, hatua ya kwanza, hatua ya pili, kisha usafi wa meza. Mwanafunzi akizifuata hatua na kitu kikatokea, somo huhesabiwa kuwa limefaulu. Maoni yangu ni kwamba somo la namna hiyo, hasa linapohusu vyakula na vinywaji vinavyochachuka, bado halijafaulu, na mara nyingine laweza kuwa la hatari. Ili nisizungumze kwa ujumla mno, nitachukua kinywaji kimoja tu, kinachotengenezwa majumbani na katika madarasa ya nchi moja ya mbali, nikionyeshe jinsi kinavyoweza kufundishwa vibaya na jinsi kinavyoweza kufundishwa vema.

Nchi yenyewe ni Ufini, na kinywaji ni sima. Msomaji asichanganyikiwe na jina. Sima hii haina uhusiano wowote na sima yetu ya unga, ile ambayo wengine huiita ugali. Ni kinywaji chepesi cha malimau, sukari na hamira, chenye povu kidogo, kinachonywewa hasa katika sikukuu ya Vappu, yaani mkesha wa tarehe 30 Aprili na siku ya Mei Mosi yenyewe. Kwa Wafini siku hiyo ni sikukuu ya wafanyakazi kama ilivyo kwetu, lakini pia ni sikukuu ya wanafunzi na ya kuukaribisha msimu wa joto baada ya miezi mingi ya theluji. Mjini Helsinki, saa 12 za jioni ya mkesha, wanafunzi wa vyuo huivisha kofia nyeupe sanamu ya Havis Amanda, iliyosimamishwa karibu na bandari mwaka 1908, na tangu hapo watu wazima wenye mvi nao huonekana wakitembea na kofia zao za shule. Nyumbani mezani huwapo maandazi, vitafunio vya unga uliomiminwa kama nyuzi katika mafuta ya moto, na chupa za sima.

Zamani sima ilikuwa kinywaji cha asali, tena kileo hasa, na neno lenyewe katika Kifini cha kale lilihusu asali. Baadaye, sukari na malimau vilipoanza kupatikana kwa watu wa kawaida, asali iliondoka, na kileo kikapungua mpaka kinywaji kikawa cha watu wa rika zote. Limau halioti katika ardhi ya Ufini. Huja kwa meli kutoka nchi za kusini, na sukari nayo ilikuwa ya kigeni kwa muda mrefu. Hivyo kinywaji ambacho leo huitwa cha jadi kimejengwa kwa vitu vya kununua bandarini. Silisemi hili kwa kebehi. Nalisema kwa kuwa sisi walimu tuna mazoea ya kudhani kwamba jambo la jadi halibadiliki, na kwa hiyo halihitaji kuulizwa maswali.

Kuna sababu ya kuichagua Ufini katika jarida la ualimu. Wasomaji wetu wanaijua Kibaha. Kituo kile kilianza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi nne za Nordiki, nazo ni Denmark, Norwe, Uswidi na Ufini, kikakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970, na humo shule, mafunzo ya wakulima na huduma za afya viliwekwa katika eneo moja. Wazo la kuunganisha kazi na masomo, ambalo sisi tulilipokea kwa nguvu katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, lilikuwa na historia ndefu huko Kaskazini. Uno Cygnaeus, mchungaji aliyepata kufanya kazi hata Alaska wakati ilipokuwa chini ya Urusi, alikuwa mkuu wa kwanza wa chuo cha ualimu cha Jyväskylä kilichofunguliwa mwaka 1863, chuo cha kwanza cha kufundisha walimu kwa lugha ya Kifini. Kwa ushawishi wake, kazi za mikono zilifanywa somo la lazima katika shule za umma kwa sheria ya mwaka 1866. Cygnaeus alishikilia kwamba kazi ya mikono shuleni si kumwandaa mtoto kuwa fundi wa ufundi fulani. Shabaha yake ilikuwa kuzoesha jicho, mkono na akili kufanya kazi pamoja. Somo ambalo jicho halina kazi nyingine isipokuwa kusoma karatasi ya maelekezo, Cygnaeus asingelikubali.

Leo, katika shule ya msingi ya Ufini ya miaka tisa, uchumi wa nyumbani ni somo la lazima kwa wavulana na wasichana, na kwa kawaida hufundishwa katika darasa la saba. Ni somo lililo karibu na kile tulichokiita Sayansi Kimu. Majuma ya mwisho ya Aprili yafikapo, katika shule nyingi, na hata kwa watoto wadogo wa shule za awali, sufuria ya sima huwekwa jikoni. Kwa hiyo swali la jinsi ya kuifundisha ni la kila mwaka, na linawahusu watoto wa nchi nzima.

Maelekezo ya kawaida ni haya. Kwa lita 5 za maji huhitajika gramu 250 za sukari nyeupe, gramu 250 za sukari ya kahawia, malimau 2, na hamira kidogo mno: hamira mbichi kiasi cha punje ya njegere, au sehemu ya tano ya kijiko cha chai ya hamira kavu. Malimau huoshwa kwa maji ya moto, kwa kuwa yale ya kununua aghalabu hupakwa nta na dawa. Ganda la manjano huchunwa jembamba, utando mweupe ulio chini yake huondolewa na kutupwa kwa sababu ni mchungu, na nyama ya tunda hukatwa vipande. Nusu ya maji huchemshwa na kumiminwa juu ya sukari, maganda na vipande vya limau. Kisha huongezwa nusu ya pili, maji ya baridi. Mchanganyiko ukiwa vuguvugu, hamira huyeyushwa ndani yake, sufuria hufunikwa na kuachwa katika joto la chumba mpaka kesho yake. Siku ya pili kinywaji huchujwa na kutiwa katika chupa safi, na kila chupa huongezewa kijiko kimoja cha chai cha sukari na zabibu kavu chache. Vizibo hufungwa kwa ulegevu. Zabibu zikipanda juu, sima imekuwa tayari. Katika chumba huchukua siku tatu hivi. Mahali pa baridi, yapata juma moja.

Kwa kuyasoma tu, maelekezo haya ni mepesi, na hapo ndipo ulipo mtego wake kwa mwalimu. Kila hatua ina sababu, na hakuna sababu hata moja iliyoandikwa. Zaidi ya hayo, maelekezo yana nchi yake, ingawa hayaitaji. Chukua lile agizo la kuchanganya nusu ya maji ya moto na nusu ya baridi. Katika mabomba ya Ufini mwezi Aprili, maji huweza kuwa na joto la nyuzi 8 hivi za Selsiasi. Lita mbili na nusu zinazochemka zikichanganywa na kiasi kile kile cha maji hayo hufikia nyuzi 54 hivi, na kwa muda mfupi wa kusubiri zitashuka hadi 40, joto linaloifaa hamira. Mwalimu wa Dar es Salaam akiyafuata maelekezo hayo kwa maji ya bomba yenye nyuzi 28 atapata nyuzi 64. Akitia hamira kwa haraka ataiua, na kesho yake atakuwa na sufuria ya maji ya limau yaliyolala. Tena pale yanaposema "joto la chumba", yamekusudia nyuzi 20 au 21, si 30. Zile siku tatu, kwetu, zaweza kuwa nyingi mno. Hata huko Ufini kwenyewe, bibi aliyeacha chupa katika ghala la chini ya nyumba, na mjukuu anayeziacha katika fleti yenye joto la mabomba, hawatengenezi sima moja, hata kama wameshika karatasi ile ile.

Hivyo basi, napendekeza kwamba karatasi ya maelekezo isiwe mwanzo wa somo. Mwalimu aanze na sufuria. Awape wanafunzi maji, sukari, malimau na hamira, awaeleze nini kinatafutwa, kisha awaulize: maji ya moto yanatumikia kazi gani, na kwa nini yasiwe moto wote? Watagundua kwamba maji yanayochemka huvuta mafuta ya ganda na kuyeyusha sukari upesi, lakini hamira ni kiumbe hai. Awape kipimajoto wakisubirie. Kusubiri kipimajoto kishuke kutoka 54 hadi 40 ni kazi halisi ya jicho, na hakuna mtoto aliyewahi kuifanya kisha akasahau kwamba hamira hufa kwa joto.

Tatizo jingine ni la ratiba. Somo la uchumi wa nyumbani huko aghalabu huwa mara moja kwa juma, vipindi vitatu vikifuatana. Sima haiishi katika vipindi vitatu. Kwa hiyo baadhi ya walimu hutumia hila inayojulikana katika vipindi vya mapishi vya televisheni: hutia vitu sufuriani mbele ya darasa, halafu hutoa kabatini chupa iliyokwisha kuwa tayari. Wanafunzi huonja, hupiga makofi, huenda nyumbani. Mimi naiona hila hii kuwa ni upotevu mkubwa, kwani jambo kuu la kinywaji hiki hutokea wakati ambapo hakuna mtu anayekigusa. Juma moja kati ya kipindi na kipindi, ambalo mwalimu analiona kuwa kikwazo, ndilo muda ambao sima inauhitaji mahali pa baridi. Ratiba na sufuria zimepatana zenyewe. Kilichobaki ni kuwapa wanafunzi zamu za kupita kila siku dakika mbili, kuangalia na kuandika.

Wataandika nini? Hapa ndipo zabibu inapoingia. Zabibu kavu ikitiwa katika chupa huzama, kwa kuwa ni nzito kuliko kinywaji. Siku zinavyopita hunywa maji na kuvimba, na uzito wake kwa ujazo hupungua. Wakati huohuo hamira inaila sukari na kutoa hewaukaa, na vipovu vya hewa hiyo hunasa katika mikunjo ya ngozi ya zabibu kama maboya madogo. Hatimaye zabibu hupanda. Watu wa vijijini waliitumia alama hii bila kuwa na kipimo chochote, na ni alama njema kwa sababu haihesabu siku. Hupima kazi iliyofanyika. Katika chumba cha joto zabibu itapanda mapema, katika ghala la baridi itachelewa, na mara zote mbili itakuwa inasema takriban jambo moja.

Nasema takriban, kwa maana zabibu ni shahidi wa kuhojiwa. Ukiitia katika bilauri ya soda yoyote, itapanda na kushuka mara nyingi, na hakuna hamira humo. Kwa hiyo kupanda kwa zabibu kunatuambia kwamba hewa ipo. Hakutuambii kiasi cha kileo, wala kiasi cha mgandamizo uliomo katika chupa iliyofungwa. Mwanafunzi aliyefundishwa "zabibu ikielea, kunywa" amefundishwa nusu ya jambo. Afanye jaribio la soda kwanza, ndipo atajua ni swali gani zabibu inaweza kulijibu na ni lipi haiwezi.

Swali la mgandamizo si la mzaha. Kile kijiko kimoja cha chai cha sukari kinachoongezwa katika chupa kina gramu 4 hivi. Hamira ikizila zote, hutoa zaidi kidogo ya lita moja ya hewaukaa kwa hali ya kawaida, na hewa hiyo yote imo katika chupa ya lita moja ambayo tayari imejaa. Kiasi hicho kinavumilika, nacho ndicho kinacholeta povu. Lakini chupa hiyohiyo bado ina karibu gramu 90 za sukari iliyotoka sufuriani. Ikisahauliwa mahali pa joto ikiwa imefungwa barabara, na hamira ikamaliza kazi yake, hewa inayoweza kutolewa hupita lita 25. Hakuna chupa ya kioo ya jikoni iliyoumbwa kwa mzigo huo. Chupa ya plastiki ya soda ni bora kwa shule: mwanafunzi huibonyeza kwa kidole gumba kila siku, na ikiwa ngumu kama jiwe hulegeza kizibo. Kuna walimu wanaoipendelea chupa ya kioo kwa uzuri wake na kwa kuwa ndiyo ya jadi. Mimi sioni uzuri unaostahili kuwekwa mbele ya macho ya watoto thelathini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hulipita kwa kunyamaza, nalo ni kileo. Kwa kawaida sima iliyotengenezwa kwa vipimo hivi na kuwekwa mahali pa baridi huwa na kileo kidogo sana. Lakini "kidogo sana" si tarakimu, na hesabu yake si ngumu kwa mwanafunzi wa darasa la saba akisaidiwa na mwalimu wa kemia. Gramu 500 za sukari, zikichachuka zote, hutoa kileo cha gramu 270 hivi, ambacho katika sufuria ile ni zaidi ya asilimia 6 kwa ujazo, yaani zaidi ya bia nyingi. Sheria ya Ufini iliyoanza kutumika mwaka 2018 huhesabu kuwa kileo kinywaji chochote kinachozidi asilimia 1.2. Kufikia mpaka huo, hamira haihitaji kula zaidi ya gramu 93 hivi za sukari, yaani chini ya sehemu moja katika tano. Kati ya kinywaji cha watoto na kileo cha kisheria hakuna ukuta wowote isipokuwa joto na muda. Mwalimu anayewaambia wanafunzi kwamba sima "ni soda tu" anasema jambo ambalo huenda likawa kweli siku ya Jumatatu na lisiwe kweli siku ya Ijumaa.

Nimesikia hoja ya kupinga, na ina uzito. Husemwa kwamba ukimpa kijana hesabu hizi unampa ufunguo wa kilju. Hiki ni ndugu mbaya wa sima: maji, sukari nyingi na hamira nyingi, pasipo limau, kikiachwa mpaka kiwe kikali kama mvinyo. Hadi mwaka 2018 kukitengeneza kulikuwa kosa kisheria, na hata hivyo kilijulikana na kila kijana. Nchi hiyo pia ilipiga marufuku vileo kabisa tangu mwaka 1919 hadi 1932, na marufuku haikuweza kuziondoa sukari na hamira jikoni. Hilo ndilo jibu langu. Vitu vyote vya kilju vinauzwa katika duka ambalo mtoto hutumwa kununua mkate. Kunyamaza kwa mwalimu hakumfichi kijana chochote isipokuwa kipimo, na kijana asiye na kipimo ndiye anayekunywa asichokijua.

Kuna na wale ambao kwao asilimia yoyote ni nyingi. Tangu mwaka 1990 familia kutoka Somalia zimefanya makao Ufini, na baadaye zimefuata nyingine kutoka sehemu mbalimbali, zikiwamo za Kongo ambazo baadhi yao huzungumza Kiswahili. Katika darasa la saba la Helsinki leo wamo wanafunzi Waislamu ambao kwao swali la kileo ni swali la dini, si la afya. Wapo pia watoto Wafini wenye wazazi waliokwisha kuapa kutokunywa. Njia ya mkato ni kuwatoa watoto hawa nje siku ya sima, au kuwaambia wasiwe na wasiwasi. Zote mbili ni za aibu. Ya kwanza inamwondoa mtoto katika somo. Ya pili inamdanganya. Mimi naona mwanafunzi asiyeonja anaweza kuwa ndiye mpimaji mkuu wa darasa. Kazi yote ya kujifunza humo, yaani joto, hamira, zabibu, hewa na hesabu, haihitaji ulimi. Na sufuria ya pili ndogo yenye maji, sukari na limau pasipo hamira haina budi kuwapo mezani, kwanza kwa sababu wote wanapaswa kuwa na cha kunywa, na pili kwa sababu jaribio lisilo na kitu cha kulinganishia si jaribio.

Na kipimo? Chombo cha wataalamu cha kupimia uzito wa majimaji ni kizuri: sima mbichi ya vipimo hivi huonyesha 1.036 hivi, na inapokaribia asilimia 1.2 huwa imeshuka hadi 1.027. Lakini shule nyingi, huko na huku, hazina chombo hicho. Mizani ya jikoni inatosha. Hamira inapotengeneza kileo, hutengeneza hewaukaa kwa uzito unaokaribia kuwa sawa nacho, na hewa hiyo hutoka kupitia kizibo kilicholegea. Jagi lenye lita moja ya sima, likiwekwa juu ya mizani kila siku, litapungua. Upungufu ukikaribia gramu 9, na kwa kweli mapema kidogo kwa kuwa sehemu ya hewa hubaki imeyeyuka ndani, mpaka wa kisheria umefikiwa. Mtoto anayeona tarakimu ya mizani ikishuka bila mtu kumimina chochote ameona kwa macho yake jambo ambalo Pasteur aliwasumbukia wanakemia wa Ulaya kulithibitisha katika miaka ya 1850 na 1860, kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai. Kwa mizani ya wastani somo hili lote halina gharama.

Juu ya limau lenyewe nitasema neno moja tu, ingawa lingestahili kipindi chake. Uchachu wake si wa ladha peke yake. Huwapa shida vijidudu viharibifu na kuipa hamira nafasi. Mfini A. I. Virtanen, aliyepata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1945, alitumia kanuni iliyo karibu na hiyo alipohifadhi majani ya ng'ombe kwa kuyatia asidi ili yasioze katika majira ya baridi. Ghala la majani na chupa ya Vappu vyaweza kusimama katika somo moja, mwalimu wa biolojia akipenda.

Sipendekezi kwamba vyuo vyetu viingize sima katika mihtasari. Hatuna upungufu wa vinywaji vinavyochacha. Togwa ipo, na kila mama anayeitengeneza anajua kwamba ikikawia hugeuka; Pwani wapo wanaojua tembo la asubuhi si tembo la jioni. Kinachoweza kuvuka bahari ni namna ya kuhoji: ipi ndiyo zabibu ya togwa? Ni alama gani ambayo mama huitazama, na alama hiyo inapima nini, na haipimi nini? Mwalimu mwanachuo akitumwa kijijini na swali hilo, na mizani, atarudi na somo ambalo halimo katika kitabu chochote cha kiada.

Imebaki mitihani, kwani bila mtihani pendekezo lolote la ufundishaji hubaki kuwa hotuba. Mtihani wa sasa wa somo kama hili humtaka mwanafunzi aorodheshe vifaa na hatua, na aliyekariri hupata alama zote bila kuwahi kuona povu. Badala yake, mwalimu aweke mezani chupa tatu za plastiki zisizo na maandishi. Katika ya kwanza zabibu zote zimelala chini, na ubavu wa chupa unabonyea. Katika ya pili zabibu zimepanda, na chupa ni imara kiasi. Katika ya tatu zabibu zimepanda, lakini chupa ni ngumu kabisa, na karatasi ya uzito iliyo kando yake inaonyesha gramu 11 zilizopotea katika jagi lililotoka sufuria moja nayo na kukaa katika joto lilelile. Mwanafunzi aseme ipi inywewe leo na nani, ipi isubiri na wapi, ipi ifunguliwe polepole juu ya beseni na isipewe mtoto, na aandike sababu za kila jibu. Karatasi ya maelekezo igawiwe baada ya majibu kukusanywa.